Kuleni Nyama, Funguo Ninazo

Ejoka, ndugu zangu. Wamama wamenijibu vizuri. Wababa mlioketi upande ule wa mlango, sijawasikia. Ejoka? Haya, sasa tumesalimiana wote, asiseme mtu nilimpita.

Kabla sijaanza nataka kumshukuru kaka yetu wa getini. Asubuhi nilipofika niliegesha lori la maji pale nje, nikashuka, nikafunga mlango. Akaja mbio. Akaniambia, "Mama, ambia dereva asogeze gari. Gari ya chakula ikikuja itapita wapi?" Nikamwambia, "Dereva amesikia." Akachungulia ndani ya kabini, akazunguka lori lote, akarudi kwangu. "Sasa huyo dereva ako wapi?" Msimcheke. Ni kijana mzuri na anafanya kazi yake. Nimemwambia lori litasogezwa nikimaliza kuongea, kwa hivyo mkiona nimerefusha maneno, mjue ni chakula chenu ninachochelewesha.

Mchungaji aliponiomba nisimame nitoe ushuhuda, nilimwambia mimi sikuponywa ugonjwa wala sikutolewa kwa pombe. Nilinyang'anywa ufunguo wa lori, nikawekwa ofisini kupika chai mpaka watu wakasahau jina langu, halafu ufunguo nikauchukua tena. Akasema hiyo nayo ni kazi ya Mungu, niiseme. Basi nasema. Sitamtaja mtu. Najua wengine wao mko hapa ndani, na mashati mliyovaa nayajua. Kaeni kwa amani.

Mimi ni mtu wa Lodwar, upande wa Kanamkemer. Baba yangu alikuwa na mifugo, ukame ukaimaliza, mama akatulea kwa kufuma vikapu. Nikaolewa, nikapata binti, halafu bwana akaenda kutafuta kazi huko tunakoita Kenya. Wageni mnacheka, lakini sisi wa hapa mtu akishavuka Kainuk tunasema ameenda Kenya. Yeye alienda Kenya na hakurudi. Leo si siku yake, kwa hivyo tumuache huko.

Barabara ya lami ilipokuwa ikijengwa, nilipata kazi ya kupikia wajenzi kambini. Kulikuwa na dereva mmoja mzee kutoka Kitale, kazi yake kuimwagia barabara maji ili vumbi litulie. Lori lake lilikuwa likitembea polepole kutwa nzima, huku na huku. Siku moja akachoka kuongea peke yake, akaniambia nipande. Nikamwambia mimi ni mpishi. Akanijibu, "Mtu anayesonga ugali wa kambi nzima, usukani utamshinda na nini?" Akanifundisha hivyo, kwa matani, kila jioni nikishaosha sufuria. Klachi, gia, breki, kurudi nyuma kwa kutumia vioo. Nikakosea, akacheka, nikarudia. Kambi ilipofungwa nilikuwa na leseni ya magari makubwa, na yule mzee alinipa mkono kama mtu anayempa mkono dereva mwenzake.

Kampuni moja ya kusafirisha maji ikaniandika. Nayo siitaji. Malori yalikuwa yanatoka Lodwar pamoja, yanakuja hapa Kakuma, yanajaza kwenye visima, halafu kila dereva anashika njia yake: shule, zahanati, vijiji ambavyo kisima chao kimekufa. Kwenye usukani nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilipewa lori la buluu lenye klachi ngumu, na nililipenda. Nasema wazi bila haya, nililipenda lile lori. Ukiwa juu pale unaona mbali. Wamama wakisikia mlio wake wanatoka na mitungi, wakiona ni mwanamke mwenzao anashuka, wanapiga vigelegele mpaka mbuzi wanakimbia. Na binti yangu akiulizwa shuleni mama yako anafanya kazi gani, alikuwa anasimama wima na kusema dereva.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyinyi wageni kutoka kambi ya wakimbizi ambao hamlijui jambo hili. Sisi Waturkana tuna mahali pa nyama. Wanaume wakichinja mbuzi, wanachoma, wanatandika majani chini, wanaketi nusu duara kwa kufuata umri. Tunapaita akiriket. Mwanamke haketi pale. Mimi nimezaliwa nikaikuta hivyo. Baba yangu aliketi pale, na sijawahi kulala njaa kwa sababu ya nyama ile. Kwa hivyo asije mtu akasema leo mama huyu amekuja kupigana na mila. Ngojeni kwanza.

Madereva wetu nao walikuwa na desturi yao. Kila safari ya kutoka Lodwar, kabla ya kufika hapa, kuna laga moja, mto mkavu wa mchanga, yenye kivuli kizuri. Wanasimamisha malori, wananunua mbuzi kwa wenyeji, anachinja dereva mmoja Msomali, mtu mzima, ili naye aweze kula, halafu wanachoma na kuketi. Mimi nabaki kwenye malori. Na kwa kuwa kuna mtu amebaki kwenye malori, kila dereva anaacha ufunguo wake palepale kwenye gari. Atauchukua nani? Mama yuko.

Hilo halikuniuma. Nilikuwa na chai yangu na chapati yangu, nikila kwa raha. Kilichoniuma ni supavaiza wetu. Yeye si Mturkana, alitoka huko huko Kenya, lakini ile nyama aliipenda kuliko wenyewe. Akajinunulia kigoda, akajifunza kuketi, akajifunza hata kukata nyama kwa kisu akiishikilia kwa meno. Na pale kwenye majani ndipo alipokuwa anagawa kazi. Nani aende Todonyang, nani Katilu, nani Kainuk. Wakimaliza wanainuka wakipangusa mafuta midomoni, na mimi napaziwa sauti kwa mbali, "Mama, wewe utazunguka hapa mjini." Kila safari nazunguka hapa mjini. Sasa madereva wanajua, zile njia ndefu ndizo zenye heshima. Mtu aliyefika Todonyang na kurudi anasalimiwa tofauti.

Nikamwendea supavaiza ofisini. Nikamwambia nataka Todonyang.

"Mama, kule ni mbali," akasema. "Hakuna hata choo ya maana."

"Mimi nimezaliwa mahali hakuna choo ya maana."

"Tunakuhurumia tu. Wewe ni mama wa mtu."

"Sijaomba huruma. Nimeomba Todonyang."

Akatabasamu, akasema tutaona. Na kweli wakaona. Safari iliyofuata, wakiwa kwenye nyama, niliwaona wanageuka kunitazama, mmoja baada ya mwingine, halafu wanarudi kutafuna. Nilijua kuna neno limesemwa, sikujua ni lipi. Tuliporudi Lodwar, asubuhi ofisini, kwenye ukuta wa kutundikia funguo, msumari wangu ulikuwa mtupu. Nikatoka nje nikakuta kijana mmoja aliyeandikwa juzi ameketi ndani ya lori langu la buluu, anarekebisha kioo.

Supavaiza akaniambia nimepata bahati. Nimepewa kazi ya ndani, kwenye feni. Nikauliza ni nani ameamua. Akasema tulikubaliana wote. Nikauliza wote akina nani, na mimi sikuwepo. Akasema, "Dereva wenzako wote walikuwa." Nikauliza wapi. Akacheka. "Si unajua pahali, mama."

Nilipajua, ndiyo. Na ile kazi ya ndani ilikuwa ni chai.

Ndugu zangu, nawaambia, kupika chai si dhambi. Nimepika chai maisha yangu yote na leo mkinipa sufuria nitawapikia. Lakini mtu akichukua kazi yako akakupa sufuria, ile chai inakuwa chungu hata ukiitia sukari. Nilikuwa nasikia malori yakiwashwa asubuhi, nasikia la buluu, ile klachi inavyolia kidogo kabla haijashika. Nasimama na vikombe mikononi mpaka mlio uishe barabarani. Wakaanza kuniita Mama Chai. Kwanza kwa utani, halafu likawa ndilo jina. Mgeni akija anaambiwa, ngoja Mama Chai alete. Jina langu la kuzaliwa, alilonipa nyanya yangu, likawa halina mtu wa kuliita.

Nikaanguka, ndugu zangu. Watu wanadhani kuanguka ni lazima ulewe au ulale barabarani. Mimi nilianguka nikiwa nimevaa nguo safi. Nikaacha kwaya. Nikaacha kucheka. Wamama wenzangu wa kanisa wakaniambia vumilia, mvumilivu hula mbivu. Nikawauliza hizo mbivu ziko wapi, kwa sababu mimi naona zinaliwa na watu wengine wakiwa wameketi kwenye majani. Wakaniona nimekuwa na mdomo. Halafu siku moja mwalimu wa binti yangu akaniambia wanafunzi waliulizwa kazi za wazazi, na mtoto wangu akanyamaza. Alipobanwa sana akasema mama yangu yuko ofisini. Mwalimu alidhani ananisifu. Mimi nilirudi nyumbani nikalia nikiwa nachambua mboga, nikalia hasa, machozi yakaingia kwenye sufuria.

Najua hapa mnangoja niwaambie yule kijana aliangusha lori. Naona kabisa nyuso zenu zinangoja. Hakuangusha. Aliendesha vizuri, maji yakafika, na ni kijana mwenye adabu. Siwezi kumsingizia ili ushuhuda wangu uwe mtamu. Na nataka wasichana mlio hapa mlishike hili kuliko mengine yote nitakayosema: haki yangu ya usukani haikungoja mwanaume ashindwe. Hata kama angekuwa dereva bora Turkana nzima, ufunguo ulikuwa wangu na nilinyang'anywa bila kosa.

Aliyenizindua ni dada mmoja mkimbizi kutoka Kongo, aliyekuwa anatunza stoo yetu. Alinikuta nyuma ya jiko nimejiinamia. Akaweka chini boksi alilobeba.

"Mama, weye unalia juu ya nini?"

Nikamweleza yote. Nyama, majani, msumari mtupu. Akasikiliza akiwa amekunja uso, akiwa haelewi.

"Ile nyama, weye unaitaka?"

"Siitaki."

"Basi wakule nyama yao. Lakini ule ufunguo haiko ya nyama, mama. Iko ya kazi. Kazi inaenda kufanya nini huko kwa nyama?"

Halafu akabeba boksi lake akaenda. Mimi nikabaki pale na lile swali. Mwaka mzima nilikuwa nikijiona nimewekwa nje ya nyama, na kwa kuwa nyama ni mila, nikafunga mdomo. Kumbe nilikuwa nimewekwa nje ya kazi. Kuna mtu alichukua kazi yetu akaipeleka mahali anapojua mimi siwezi kukaa, na heshima yangu kwa mila ya baba yangu ndiyo ikawa kufuli lake.

Sasa ikaja siku yenyewe. Kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja hapa Kakuma kutazama kazi ya kampuni, na supavaiza akataka wapewe chai nzuri. Mimi na dada wa stoo tukapakiwa pamoja na majiko na vikombe. Tukafika kwenye ile laga. Malori yakasimama, mbuzi akaletwa, akachinjwa, moshi ukapanda. Wanaume wakachukua vigoda wakaenda. Na funguo wakaacha kwenye magari, kama siku zote.

Fikirieni jambo hilo. Ufunguo mmoja waliuona ni mzito kwangu, halafu wakaniachia zote.

Wallahi, kama anavyosema yule dereva wetu Msomali, sikuwa nimepanga kitu. Nilikuwa nimeshika sufuria, natafuta mahali pa kuwasha moto. Upepo ukaniletea sauti ya supavaiza ikisema, "Sasa, wazee, njia za mwezi ujao." Nikaweka sufuria chini. Nikaenda lori la kwanza nikachomoa ufunguo. Nikaenda la pili. Nikayapita yote, na la buluu nikalifanya la mwisho. Nikazifunga funguo ndani ya leso yangu, mafundo mawili. Dada wa stoo akanitazama, akafunga mlango wa gari alimokuwa na kuja kukaa nami kwenye ngazi ya lori la buluu.

Nikapaza sauti. Sikukanyaga majani yao, sikukaribia hata moshi. Nilisimama palepale penye lori nikaita, "Wazee, kuleni nyama yenu pole pole. Nyama ni yenu. Lakini kazi ni yetu sote, na leo itagawiwa hapa kwenye malori. Funguo ninazo."

Walicheka. Walidhani ni mzaha wa Mama Chai. Wakaendelea kula. Halafu mmoja akaja kuchukua sigara kwenye gari lake, akaona hakuna ufunguo, akarudi mbio akishika kofia yake.

Palepale kulikuwa na wamama wa kijiji cha jirani wanachimba maji kwenye mchanga wa laga. Walipoona mambo yamesimama, wakaja. Mmoja wao alikuwa ajuza, shanga zimejaa shingoni mpaka kidevuni. Akaniuliza kwa Kiturkana kuna nini.

"Ata," nikamwambia, kama tunavyomwita nyanya, "walichukua ufunguo wa lori langu wakiwa kwa nyama."

Akawatazama wale wanaume. "Siku hizi wanakula na vyuma?"

Akacheka mwenyewe kwa maneno yake, akaketi mchangani mbele ya gurudumu, na wenzake wakaketi naye. Sikuwaomba. Wakanyoosha miguu kama watu waliokuja kukaa. Sasa nambieni, ni mwanaume gani wa Turkana atamrukia bibi wa watu ili afike kwangu?

Supavaiza akaja amekasirika, kisu cha nyama bado mkononi. Dada wa stoo akamwambia, "Baba, weka hiyo kisu kwanza." Akakiangalia kama ambaye hajui kimefikaje pale, akakiweka juu ya bampa.

"Wewe mama, unavunja mila ya kwenu," akaniambia. "Hata huogopi wazee?"

"Mila ya kwetu nimeijua kabla wewe hujanunua kigoda," nikamjibu. "Sijaketi kwa nyama. Sijaomba nyama. Wewe ndiye umepeleka ofisi kwa nyama."

"Umefutwa kazi. Kuanzia sasa."

"Nifute. Lakini nifute hapa mbele ya wote, na useme kosa langu."

"Umeiba funguo."

"Funguo hizi hapa, hazijatoka kwenye laga. Ulioibwa ni wangu, na sijasikia mtu akifutwa."

Akatoa simu apige Lodwar. Pale kwenye laga hakuna netiweki, mtu yeyote anayeijua ile barabara atawaambia. Mpaka upande na gari kwenye kile kilima. Na gari inataka ufunguo. Wamama wa laga hawakuelewa Kiswahili chake, lakini walimwona akiinua simu juu, akiishusha, akiizungusha, na wakacheka mpaka yeye mwenyewe akaona haya.

Wa kwanza kuja alikuwa yule dereva Msomali. Alikuwa anapangusa mikono kwa mchanga.

"Walaal," akaniambia, ndiyo ndugu kwa Kisomali, "maji ya watu inangoja Kakuma. Sema unataka nini, tusikie."

Nikamwambia nataka wanieleze kosa langu. Na kama hakuna kosa, nataka ufunguo wangu, na kuanzia leo njia zigawiwe ofisini, asubuhi, kila dereva akiwa amesimama kwa miguu yake.

Akawageukia wenzake. "Kosa yake ni gani? Mimi sijui. Nani anajua?"

Hakuna aliyejua. Kulikuwa na dereva mkubwa kuliko wote, Mturkana, wa rika moja na baba yangu, ndiye aliyekuwa ameketi mwanzo kabisa kwenye majani siku kazi yangu ilipogawiwa. Nikamwita kama ninavyomwita baba, "Apa, wewe ulikuwepo. Walisema nimefanya nini?" Akakohoa. Akatazama chini. Akasema, "Mimi siku hiyo nilikuwa nakula."

Ndugu zangu, nilikuwa na hasira lakini nusura nicheke. Maisha yangu yote yalikuwa yamehukumiwa na watu waliokuwa na mfupa mdomoni. Nikamwambia, "Basi, apa, leo umeshiba. Sema."

Akasema, "Kosa hakuna."

Wakalisema wote, mmoja mmoja, wengine kwa sauti ndogo. Kosa hakuna. Supavaiza alikuwa amesimama pale akisikia. Nikafungua leso. Kila dereva nikamkabidhi ufunguo wake mkononi, nikimtaja kwa jina lake, kwa sababu mimi majina yao sikuwa nimeyasahau. Ukabaki wa lori la buluu. Yule kijana akanyoosha mkono, kwa mazoea tu. Nikamwambia, "Kaka, mimi na wewe hatuna ubaya. Panda upande ule mwingine." Akapanda.

Yule mzee akaniletea kipande cha nyama juu ya jani. Nadhani alitaka tupatane. Nikakirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nilimwambia nyama sikuomba, na nisingetaka kesho isemwe kwamba mama alikuwa anatafuta nyama. Ajuza akakipokea yeye.

Nikawasha lori. Klachi ikalia kidogo, ikashika. Na supavaiza, kwa kuwa kiti chake cha siku zote kilikuwa kwenye kabini ya lori la buluu, akapanda akakaa katikati, kigoda mapajani, na tukaja naye hivyo mpaka Kakuma. Nilikuwa na woga, nawaambia ukweli. Lakini gari halikujua.

Msidhani iliishia hapo kwa vigelegele. Niliitwa Lodwar nikasimamishwa kazi. Nikakaa nyumbani nikila wasiwasi, nikijua naweza kukosa vyote, lori na chai pia. Siku ya kusikilizwa, wakubwa wakaanza kwa Kizungu. Nikawaomba tuongee Kiswahili, kwa sababu siku waliyonivua kazi hakuna aliyetumia Kizungu. Madereva wakaitwa. Wengine hawakuja. Msomali alikuja. Mzee wa nyama alikuja, na safari hii hakukohoa. Na dada wa stoo alikuja, yeye ambaye ni mkimbizi, ambaye akipoteza ile kazi hana pengine pa kugonga, akasimama mbele ya watu wenye tai akasema, "Mimi nilikuwa. Niliketi naye. Kama munafukuza, mutufukuze wawili."

Hawakufukuza. Nilirudishiwa msumari wangu. Njia sasa zinaandikwa kwenye ubao mlangoni pa ofisi, asubuhi, kila mtu anaona. Supavaiza tuko naye bado. Ananisalimia, namsalimu. Hajanipenda na sijamwomba anipende. Kuna madereva wawili ambao mpaka leo wakiniona wanapita upande mwingine wa barabara, na barabara ni pana, inatutosha. Wanaume bado wanachinja pale kwenye laga, na mimi bado nakula chapati yangu kwenye lori. Lakini siku hizi wanaongea habari za mvua na mpira.

Na Todonyang nimefika. Nimeliona ziwa kutoka juu ya usukani, nimewamwagia maji wamama wa kule, na niliporudi nilisalimiwa tofauti.

Namshukuru Mungu, aliyenipa mdomo na akanionyesha siku ya kuutumia. Namshukuru mzee wa Kitale, popote alipo, aliyechoka kuongea peke yake. Namshukuru walaal wangu, aliyeuliza swali moja tu lililotakiwa kuulizwa. Nawashukuru wamama wa laga, ambao sijui hata majina yao, waliokalia mchanga wa moto kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Na wewe dada wa stoo, simama wakuone. Simama, usinifichie uso. Huyu ndiye, ndugu zangu. Asingekuwa yeye, mimi msingeniona.

Nina neno moja la kuwaachia. Dada yangu unayefanya kazi ya hospitali, ya shule, ya soko, ya kambi, nenda ukatazame kazi yako inagawiwa wapi. Ukikuta inagawiwa mahali ambapo wewe huruhusiwi kuketi, usipigane upewe kiti. Kataa kazi kupelekwa huko. Na wababa, mila zetu ni zetu sote, tumezilinda pamoja. Msiwaazime watu mila hizo watufungie mlango. Atakayenikasirikia kwa haya, nitampata kwenye chakula, na leo tunakula pamoja.

Binti yangu yuko pale mbele, ananiangalia kama nimemwaibisha. Juzi nimesikia akimwambia rafiki yake mama yangu ni dereva, tena bila kuulizwa. Kwa hiyo moja tu ningezichomoa zile funguo mara nyingine.

Nasikia honi huko nje. Gari la chakula limefika, na limezibiwa njia. Kaka yetu wa getini, tulia, usiite mtu. Dereva anakuja.